Luga ya Mama Haifichwe mu Dosie

Mu ukurasa huu wa jamaa tumezoea kuzungumuza juu ya ndoa, juu ya feza ya nyumba, na juu ya watoto wenye kukataa masomo. Mwezi huu nataka tuzungumuze juu ya mutoto mwenye kupenda masomo, lakini ni masomo ambayo baba na mama hawayajue hata jina. Jambo hili nalo linaweza kuleta shida kubwa ndani ya nyumba.

Kijana mwanamuke mumoja wa kanisa letu alikuja kwangu siku ya posho, nyuma ya mazoezi ya kwaya. Alimaliza lisansi ya Kiingereza ku Lubumbashi, na sasa anafundisha ku sekondari. Akaniambia: "Pasta, niko naomba barua. Nataka kuomba nafasi ku universite moja kubwa ya Uingereza, nijifunze lingwistiki. Wanataka barua ya mutu mwenye kunijua. Uandike tu kama najua luga munane."

Nikamuuliza: "Munane gani, binti yangu?" Akaanza kuhesabu ku vidole: Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili, Lingala, Kibemba, Kisanga cha baba yake, Kispanyola kidogo, Kichina kidogo. Kile Kichina kilikuwa ni salamu tatu alizozisikia kwa Wachina wa mine. Kispanyola alikitoa ku telefone. Nilisikiliza mupaka mwisho. Luga moja haikuwa mu hesabu yake: Ciluba. Na mimi najua mama yake vizuri. Mama ni mutu wa Kasai.

Siku ile sikusema kitu juu ya Ciluba. Lakini barua sikuiandika, kwa sababu mbili. Ya kwanza, amri ya Mungu inakataza ushuhuda wa uongo, na salamu tatu si luga. Ya pili, na nisema kweli, mimi mwenyewe sikujua lingwistiki ni kitu gani. Nilisoma shule ya Biblia, si universite. Kule tulifundishwa Kigiriki kidogo, cha kutosha kwa kusoma alfabeti na kupotea nyuma yake. Nikamwomba anipe juma moja, na anikopeshe buku zake.

Kumbe mwaka uliopita alikuwa ametuma dosie mara moja. Jibu lilikuwa mistari mitatu: hapana. Baba yake, aliyetoka kazini ku mine mwaka 2003 pamoja na wengi, alikuwa anawaza kuuza parsele ya jamaa kusudi mutoto ajaribu tena. Komisyonere mumoja wa muji alimwambia kama kwa dola elfu moja na mia tano ataingiza mutoto moja kwa moja. Basi muone namna jambo lilikuwa zito. Parsele ndiyo kitu peke yake kilichobaki ku miaka ya kazi ya yule baba.

LINGWISTIKI NI KITU GANI?

Wengi wanafikiri kama lingwistiki ni kujua luga nyingi. Hapana. Mutu wa mulango wa hoteli anaweza kusalimia wageni mu luga kumi, na ile haiko lingwistiki. Mwenye kujifunza lingwistiki anauliza namna luga inatembea: sauti zinafanyika wapi mu kinywa, maneno yanajengwa namna gani, luga gani ni ndugu ya luga gani, kwa nini mutoto anajua luga ya mama yake mbele hajaingia shule. Ni kama enjenyere wa mine. Hatuhesabu mawe mangapi iko nayo ku nyumba. Tunatazama kama anajua kusoma jiwe.

Tukamate mufano wa kwetu. Mu buku za Kiswahili, mutoto mudogo anaitwa kitoto, na wakiwa wengi ni vitoto. Sisi mu kambi tunasema katoto, na wengi ni tutoto. Mwalimu anapiga mustari mwekundu: kosa! Lakini mutu wa lingwistiki anasimama na kuuliza: hii ka- na hii tu- zimetoka wapi? Anatazama Kiluba, anatazama Kibemba, anazikuta pale, zimekaa tangu mababu. Basi anaona kama ni alama ya watu waliokutana mu kambi za mine, kila mutu na luga ya kwao, wakajenga Kiswahili kimoja cha kusikilizana.

Mufano mwingine: "niliona" na "nilionaka". Katoto ka miaka mine ka Lubumbashi hakachanganye haya mawili. Nilionaka ni habari ya zamani. Hakuna mutu aliyekafundisha sheria hii, na hakuna buku ya shule inayoiandika, lakini kanaifuata vizuri kuliko sisi wakubwa tunavyofuata sheria ya barabara. Kutafuta sheria za namna ile, zilizofichwa ndani ya kinywa cha kila mutu, ndiyo kazi ya lingwistiki.

Na musifikiri kama ni mambo ya muchezo. Universite ya hapa ilifunguliwa mwaka 1956, wakati muji ulikuwa unaitwa Elisabethville, na profesere Mubelgiji Edgar Polomé alikuwa kati ya waliofundisha. Mwaka 1968 alichapisha maandiko juu ya Kiswahili cha Lubumbashi. Walter Schicho, wa muji wa Vienna, alijifunza Kiswahili cha michezo ya kundi la Mufwankolo, ile wazazi wetu walisikiliza na kucheka, na buku ikatoka mwaka 1981. Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi mu miaka ya 1970, alitoa mwaka 1986 buku juu ya Kiswahili na utawala wa wakoloni katika Congo. Mwaka 1996, ku Amsterdam, Vincent de Rooij aliandika tezi ya dokta juu ya mazungumuzo ambamo watu wa kwetu wanachanganya Kiswahili na Kifaransa.

Ndugu, mwangalie vizuri. Kuchanganya kule ambako tunawakaripia watoto mbele ya wageni, mutu mwingine alitoka Ulaya, akakusikiliza kwa uvumilivu, akapata udokta. Na sisi wenye luga tunamwambia mutoto afiche, aandike Kichina kidogo.

Hata watumishi wa Mungu wamo mu kazi hii. Malcolm Guthrie alikuwa misionere wa Wabatisti ku Léopoldville, ndiyo Kinshasa, tangu mwaka 1932 mupaka 1940. Nyuma alifundisha ku London, na mwaka 1948 alitoa buku yenye kupanga luga za Kibantu kwa herufi na namba. Namba zile zinatumiwa mupaka leo. Kiswahili ni G42. Kibemba ni M42. Kiluba cha Katanga ni L33, Kisanga ni L35, Kiruund ni L53. Na Ciluba cha Kasai ni L31a. Nilipoona namba hizi mu buku ya yule binti, nilishangaa: Kisanga cha baba yake na Ciluba cha mama yake viko herufi moja, L. Mu kitabu wamekaa pamoja kama ndugu.

SIKU NILIENDA KU NYUMBA YAO

Juma lile nilienda kuwatembelea. Baba alikuwa ameenda kuona parsele. Nilimukuta mama na binti wanachambua maharagi. Nikaketi. Nikamwambia binti: "Nimesoma buku zako. Sasa uniambie, kwa nini Ciluba haiko mu hesabu yako?"

Binti akatazama chini. Akasema: "Pasta, mi siijui. Mama hakutufundisha."

Mama akaendelea kuchambua maharagi. Kiisha muda murefu akasema polepole: "Mi nilifungaka kinywa, Pasta. Ku gare."

Wenye miaka yangu na zaidi wanajua neno hili, gare. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mu miji ya mine ya Katanga. Ku gare ya Likasi na ku gare ya Kolwezi, maelfu walilala inje, na watoto na vyombo, wakingoja treni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili. Rafiki yangu wa kalasi aliondoka, na sikumuona tena. Yule mama alikuwa ameolewa karibuni na mutu wa Katanga, basi alibaki. Alienda ku gare kila siku kupelekea kaka yake chakula. Siku moja kaka alimwita kwa nguvu mu Ciluba, katikati ya watu, na vijana waliosimama kule wakageuka kumutazama. Aliogopa. Hakujibu. Kaka alipanda treni, na hawakuonana tena. Tangia siku ile Ciluba hakikutoka mu kinywa chake mbele ya watu, hata mbele ya watoto wake mwenyewe.

Wasomaji, munajua habari ya Waamuzi sura ya 12. Ku vivuko vya Yordani, watu wa Gileadi walikuwa wanapima kila mupitaji kwa neno moja. Ule ambaye kinywa chake hakikuweza kutamuka sauti ya mwanzo vizuri aliuawa, na Biblia inahesabu watu elfu makumi ine na mbili. Tumezoea kuhubiri sura ile haraka. Lakini sisi wa Katanga hatupashwe kuisoma haraka. Sauti ndogo mu kinywa inaweza kufanya mutu aitwe ndugu ao adui. Na petro naye, mu lupango la kuhani mukubwa, alitambuliwa kwa musemo wake wa Galilaya.

Binti hakujua habari ya gare. Alikuwa anafikiri kama mama alisahau tu. Waliangaliana. Mimi niliona saa yangu ya kuondoka imefika, nikawaombea, nikaenda.

Siku tatu nyuma, binti akaja na telefone yake. Alikuwa ameandikisha sauti ya mama: hadisi moja mu Ciluba, ya dakika ine. Ilianza na salamu ya Kasai: "Moyo". Mama alilia katikati, lakini alimaliza. Na binti alikuwa na macho ya mutu aliyepata jiwe la kweli. Kwani alikuwa amesoma mu buku kama luga nyingi za Kibantu zinatumia sauti ya juu na sauti ya chini kutenganisha maneno, na kama mu Ciluba mambo yamepinduka: mara nyingi pahali pale luga ya mababu ilikuwa na sauti ya juu, Ciluba kiko na ya chini, na pahali pa chini kiko na ya juu. Wenye elimu wamelizungumuza jambo hili miaka mingi. Sasa alikuwa anajiuliza: wamama waliotoka Kasai na kukaa makumi ya miaka mu miji ya mine, wakisema Kiswahili tu, sauti zile za Ciluba zimebaki mu Kiswahili chao, ao zimepotea?

Nikamwambia: "Swali hili ndilo uandike. Luga munane uache."

NAMNA DOSIE INASOMWA

Sasa niseme kwa wote wenye watoto wanaowaza mambo ya namna hii. Nimeulizia, nimesoma, na binti amenifundisha mengi. Tukamate universite ya Oxford kama mufano, maana inajulikana kuwa ngumu kuingia.

Neno la kwanza ni barua za ushuhuda. Kwa masta, Oxford kwa kawaida inataka barua tatu, na zinapashwa zaidi kutoka kwa walimu waliomufundisha mutoto na kusoma kazi zake. Wachungaji wenzangu, tusikasirike. Barua yetu inaweza kusema mutoto ni mutii na anaimba kwaya, lakini wale wanataka kujua kama anaweza kuchunguza. Binti alirudi Lubumbashi, akaketi na profesere aliyeongoza kazi yake ya mwisho, akamuelezea swali lake. Mwambieni mutoto asiombe barua ku siku ya mwisho. Profesere mwenye kuandika kwa haraka anaandika maneno ya kila mutu.

Neno la pili ni maelezo ya mwombaji mwenyewe. Barua ya kwanza ya binti ilianza: tangu utoto wangu napenda luga. Wote wanaandika vile. Msomaji wa dosie amesoma maneno yale mara mia asubui ileile. Anatafuta swali moja wazi, sababu ya swali, mifano mutoto aliyoikusanya mwenyewe, na kwa nini walimu wa kule wanaweza kumusaidia. Kwa hiyo inafaa kusoma kazi za walimu wale mbele ya kuandika. Na asiandike kitu ambacho hawezi kukitetea, kwani mahali pengine wanaita mwombaji kwa mazungumuzo, siku hizi mara nyingi ku intaneti, na wanaweza kumupa maneno ya luga asiyoijua hata kidogo, wamwambie: tafuta sheria. Mwenye kusema uongo juu ya Kichina hatasaidiwa pale. Mwenye kuzoea kutazama katoto na tutoto atajua pa kuanzia.

Neno la tatu ni kazi ya kuandika na hesabu ya pointi za masomo. Atatuma maandiko yake mwenyewe, na releve za kila mwaka wa universite. Releve zinachelewa kwetu, munajua. Basi aanze kuzifuata miezi mingi mbele. Na atafanya egzamen ya Kiingereza. Inayojulikana sana ni IELTS, inahesabiwa mupaka 9, na kwa masomo ya luga universite kubwa zinaomba 7 ao zaidi.

Neno la ine ni wakati. Masomo yanaanza mwezi wa 10, lakini dosie nyingi za masta ku Oxford zinafungwa mwezi wa 12 ao wa 1 mbele yake. Ni karibu mwaka muzima. Mutoto mwenye kuanza kuwaza mwezi wa 8 amechelewa mwaka ule.

Neno la tano ni kwa wale wenye diplome d'Etat tu, wanaotaka kwenda moja kwa moja. Waulize mbele universite yenyewe kama inapokea diplome yetu, kwani nchi na nchi wana sheria zao, na pengine wanaomba mwaka wa matayarisho. Mara nyingi njia nzuri ni kusoma kwanza hapa Lubumbashi, ambapo lingwistiki inafundishwa, na kuomba masta nyuma. Binti yetu hakupoteza kitu kwa kusoma hapa. Maprofesere wake ndio waliomufungulia macho.

JUU YA FEZA NA PARSELE

Sasa tufike kwa baba. Yesu alifundisha kama mwenye kujenga munara anaketi kwanza na kuhesabu gharama. Masta ku universite kama ile, kwa mugeni, inapita pauni 20,000 kwa mwaka, mbali na chakula na nyumba. Baba, parsele yako haitoshe. Ukiiuza, utakuwa bila parsele na mutoto atakuwa bila masomo.

Njia ni burse. Kuko moja ya serikali ya Uingereza, inaitwa Chevening, ilianza mwaka 1983, na watu wa Congo wanaweza kuiomba. Inalipa masta ya mwaka moja. Inataka mutu awe amefanya kazi masaa 2,800, ndiyo karibu miaka miwili, na kufundisha ku sekondari kunahesabiwa. Inataka vilevile kama akimaliza arudi kwao na kukaa miaka 2. Kuomba burse ile ni bure. Musikie vizuri: bure. Hakuna komisyonere anayeweza kuuza nafasi ya burse wala nafasi ya universite. Universite inajibu mwombaji mwenyewe, ku adresi yake mwenyewe. Mwenye kukuambia kama ana mutu ndani, anataka parsele yako tu.

Nilimwambia baba maneno haya mbele ya binti na mama. Alinyamaza. Kiisha akaniuliza: "Pasta, na akipata ile masta ya maneno, atakula nini? Mwenzake amesoma mine, anapanda jip."

Ni ulizo la haki, na sikutaka kumupa jibu la kupendeza. Lingwistiki haitajirishe mutu haraka. Lakini kazi ziko: kufundisha ku universite, kutafsiri, kutengeneza buku za shule mu luga zetu, kazi ya radio. Vyama vya kutafsiri Biblia vinahitaji watu waliosoma hivi, kwani luga nyingi za Afrika bado hazina Biblia nzima. Na siku hizi hata wenye kutengeneza programu za telefone na ordinatere wanatafuta watu wanaojua namna luga inatembea, kwani mashini haijue Kiswahili cha Kolwezi kama hakuna mutu wa kuiandikia. Na jambo lingine nilimwambia baba: mine inakwisha. Wewe uliona kariere ikifungwa na watu wakirudishwa ku nyumba. Luga ya watu haichimbwe ikakwisha, lakini inaweza kufa kama hakuna mwenye kuisema.

Baba hakuuza. Sisemi kama alifurahi, lakini hakuuza. Siku zilizofuata alimwita binti, akaanza kumwambia majina ya miti mu Kisanga, moja moja, na binti anaandika. Akasema: "Kama ni Ciluba tu wanataka, na ya kwangu iende pale."

MAMBO YALIPOFIKA

Mutauliza: alipata? Nisiwadanganye. Dosie ilitumwa, na wakati naandika ukurasa huu jibu bado. Inawezekana kabisa iwe hapana mara ya pili. Nafasi ni chache, na wanaoomba wanatoka dunia muzima. Binti anajua. Ameandika vilevile ku universite zingine mbili zisizo na jina kubwa kama ile, na ameongea na profesere wake juu ya kuendelea Lubumbashi kama milango yote inafungwa. Mutoto asiweke mayai yote mu kitunga kimoja, na muzazi asimwambie kama kukataliwa ni laana. Dosie ikirudi, mutu hakurudishwa.

Mimi nami niliandika kitu. Chevening iliomba majina ya watu wa kumushuhudia, na mumoja angeweza kuwa mutu mwenye kumujua ku kazi yake mu jamii. Niliandika yale niliyoyaona: kama anafundisha watoto wa kambi kusoma siku ya Mungu nyuma ya ibada, na kama alimusikiliza mama yake. Sikuongeza luga hata moja.

Siku ya Mungu iliyopita, nyuma ya ibada, nilimuona mama ku mulango wa kanisa na mujukuu wa jirani mukononi. Alikuwa anamusemesha. Sikusikia maneno yote, lakini la kwanza nililisikia: "Moyo, moyo." Mama mwingine wa Kasai alipita, akasimama, akajibu. Walikuwa wameketi kiti kimoja mu kanisa letu miaka kumi na hawajawahi kusalimiana mu luga yao.

Wachungaji na wazee wa kanisa, hapa kuna kazi yetu. Tunahubiri Pentekoste kila mwaka, siku kila mutu alisikia matendo makuu ya Mungu mu luga ya kwao. Lakini mu makanisa yetu ya mine kuna watu wanaoogopa kusema luga yao ku mulango. Tusingoje universite ya Uingereza itufundishe kama luga ile ina zamani.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA MU JAMAA

1. Mu nyumba yenu kuna luga ngapi? Ni luga gani ambayo hakuna anayeisema tena, na iliachwa kwa sababu gani? Wazazi wajibu kwanza.

2. Mutoto akichagua masomo tusiyoyajua, tunauliza nini kwanza: yanalipa ngapi, ao ni kitu gani?

3. Tumekwisha kuandika ao kuomba barua yenye uongo kidogo kusudi mutoto apate nafasi? Tungesema nini pahali pake?

Neema iwe nanyi. Tuonane mwezi ujao.